Vaa Miwani kwa Mkutano Wenye Kitu Mezani

Hotuba kwa viongozi wa ushirika, wahandisi na wafanyabiashara, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi na vyama vikuu vya ushirika, wahandisi, wenye viwanda na maghala, ndugu zetu wa Kilwa mliovuka Mbwemkuru kuja huku. Wazee wetu, shikamooni. Vijana wa TEHAMA mlioko nyuma, hamjambo.

Tunaomba tuanze na Mei 2024. Siku za mwanzo za mwezi ule mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga, malori na mabasi yakapanga foleni pande zote mbili za maji. Watu hawajapumua, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ya nchi ikawa ya kubahatisha. Mwezi ule ule njia ya gari imekatika na njia ya mawasiliano imekatika. Basi anayekuja Mtwara kuzungumzia mikutano ya mbali abebe yote mawili: umbali unaotufanya tuitamani teknolojia hii, na wembamba wa njia zetu unaotudai kuitumia kwa hesabu.

Teknolojia yenyewe ni uhalisia pepe, ile miwani mikubwa ya kufunga usoni. Hoja yetu tunaisema mapema ili mtupime nayo. Mkutano wa maneno matupu hauhitaji miwani hii. Kusoma taarifa ya fedha, kupanga tarehe ya mkutano mkuu, kujadili barua ya mrajisi, hayo yamalizeni kwa simu au kwa video ya kawaida. Hakuna atakayeielewa mizania vizuri zaidi kwa kuwa ameisoma akiwa amefungwa nusu kilo usoni. Miwani ina kazi pale wajumbe wako sehemu tatu na wanabishana juu ya kitu chenye urefu, upana na kimo: ghala, mtambo, gati, ukuta wa magofu unaoliwa na bahari. Hapo mchoro wa karatasi umekwisha kuwaponza wengi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila jicho linapewa picha yake, na picha hizo mbili zimepishana kidogo kama macho yenyewe yanavyopishana nafasi. Ubongo unaziunganisha, unapata kina. Kamera zilizo nje ya miwani zinasoma chumba na kujua kichwa kimegeuka wapi, na picha inachorwa upya mara 72 hadi 120 kwa sekunde. Ukiinama unaona uvunguni mwa meza. Ukigeuka, sauti ya mwenzako inabaki pale pale alipo, kushoto au nyuma yako. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha namna hii Marekani, kizito kiasi cha kuning'inizwa darini. Miwani ya Quest 3 ya kampuni ya Meta, iliyotoka Oktoba 2023, ina gramu 515 na kompyuta yake ndani. Ilipozinduliwa Marekani bei ilikuwa dola 499. Quest 3S ya mwaka uliofuata ikaanzia dola 299. Apple Vision Pro ilianza kwa dola 3,499, na hapo bado usafiri na ushuru. Kwa kazi tutakazozitaja leo, ile ya bei ya chini inatosha kabisa, na ofisi moja haihitaji zaidi ya miwili au mitatu ya kupokezana.

Tuchukue kazi iliyo mlangoni kwetu. Chama kina ghala na kinataka kufunga ndani yake mtambo wa kubangua korosho. Muuza mashine yuko Vietnam. Mhandisi yuko Dar es Salaam. Msimamizi wa ghala yuko Masasi. Saa nne asubuhi ya Masasi ni saa nane mchana kule Hanoi, kwa hiyo muda si tatizo. Tatizo ni michoro. Inapita kwa barua pepe wiki baada ya wiki, kila mtu anajibu "sawa", kontena linashuka bandarini, na siku ya kufunga ndipo inaonekana kwamba boila haipiti mlangoni.

Sasa wavalisheni watu hao miwani, wasimame ndani ya ghala lile lile kwa ukubwa wake halisi. Boila ya mvuke ile pale pembeni, mbele yake mashine za kubangulia, kisha kikaushio, meza za kumenya, meza za kupanga madaraja. Msimamizi hasomi michoro ya kihandisi, lakini ghala lake analijua hata gizani. Anapita kati ya kikaushio na ukuta, anasimama, anasema: hapa mama mwenye beseni hapiti. Kwenye karatasi nafasi ile iliandikwa sentimita 70, na watu wote waliosaini waliiona kama tarakimu. Anainua uso: bomba la moshi linaingia kwenye kenchi ya paa. Anarudi kwenye kubangua, mahali ambapo mafuta ya ganda hubabua mikono, anauliza maji ya kunawa yako wapi. Yako nyuma ya rundo la magunia. Marekebisho matatu kwa nusu saa, na chuma bado hakijapakiwa melini. Hicho ndicho kikao tunachokizungumzia.

Modeli ya ghala, yaani umbo lake la kompyuta, inatoka wapi? Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na wauzaji wa miwani huipita haraka. Njia nafuu ni picha za simu zinazoungwa na programu kuwa umbo lenye urefu, upana na kimo. Zunguka jengo taratibu, kila picha ibebe kama robo tatu ya picha iliyotangulia. Piga asubuhi mapema au siku ya mawingu, maana kivuli cha adhuhuri kinahama wakati unapiga na programu inakichukulia kuwa sehemu ya ukuta. Mabati mapya na vioo vinaakisi mwanga, kwa hiyo sehemu hizo hutoka na mashimo. Zipime kwa futi kamba na uzichore kwa mkono. Na kabla ya kuondoka, chagua alama mbili ukutani, pima umbali kati yake, andika. Picha peke yake hazijui mita. Bila kipimo hicho ghala lako linaweza kutoka na ukubwa wa kibanda cha kuku, na hakuna atakayegundua mpaka boila iingizwe.

Kosa linalofanana na hilo hutoka kwa mtengeneza mashine. Yeye anachora kwa milimita, programu ya mkutano inasoma mita, na kikaushio kinakuja mara 1,000 ya ukubwa wake. Hilo afadhali, linaonekana mara moja. Baya zaidi ni la futi na mita, kwa sababu kitu kinatoka kikubwa mara tatu na kidogo, na mgeni anaweza kudhani ndivyo mashine za kiwandani zilivyo. Dawa yake ni kuweka ndani ya kila modeli kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake. Mlango wa mita 2.1 unafaa. Gunia la korosho linafaa zaidi, maana hakuna mtu wa Kusini anayehitaji kuambiwa gunia lilivyo.

Jambo la tatu ni uzito wa modeli. Mchoro wa kiwandani unabeba kila nati, kila bolti, kila uzi wa skrubu, mamilioni ya pembetatu ndogo zinazounda umbo lake, ambazo miwani inapaswa kuzichora mara 72 kwa sekunde. Ikishindwa, picha inakwama-kwama, na picha inayokwama ndiyo inayotapisha watu. Mwombe mtengenezaji aondoe vitu vya ndani visivyoonekana na abakize laki chache za pembetatu. Faili lije kwa muundo wa GLB, unaosomwa na programu nyingi, nanyi mbaki na nakala kwenye diski yenu wenyewe. Tunalisisitiza hili kwa sababu kumbi hizi za mtandaoni, yaani programu za kukutania kwa miwani, hufungwa. AltspaceVR ya Microsoft ilizimwa Machi 2023. Mozilla ikafunga huduma yake ya Hubs Mei 2024. Aliyeacha kazi yake yote humo alilazimika kuhama mbio mbio.

Kwa upande wa Lindi, kuna vitu viwili ambavyo vingestahili vikao vya namna hii kuliko hata mitambo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yamekwisha kupimwa kwa skana za leza na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Fundi wa chokaa wa Kilwa na mtaalamu aliyeko Ulaya wanaweza kusimama mbele ya ufa mmoja wa ukuta, na fundi akaonyesha kwa kidole mahali maji yanapoingilia. Cha pili ni mnyama wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, leo imesimama Berlin ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mazungumzo juu ya mifupa ile yangekuwa na sura nyingine kama wazee wa vijiji vinavyozunguka Tendaguru wangekaa kikaoni wakiwa wamesimama chini ya shingo yake, kila mjumbe akiiona kwa kimo kile kile.

Tuje kwenye bando, maana najua ndilo swali lililo midomoni.

Watu wengi hudhani miwani inakula intaneti kuliko video. Kwa mkutano wa avata, yaani sanamu ya kompyuta inayosimama badala yako humo, ni kinyume. Avata haitumi picha yako. Inatuma mahali kichwa na mikono miwili ilipo: vitu vitatu, kila kimoja na namba 7, kila namba baiti 4, jumla baiti 84. Zitume mara 30 kwa sekunde, unapata kama kilobiti 20 kwa sekunde. Ongeza sauti, kilobiti 32 hivi, na ziada ya usafirishaji, tuseme 60. Kwa saa nzima mtu mmoja ni megabaiti 27. Mkiwa 10 unapokea wenzako 9, yaani megabaiti 243. Video ya mtu mmoja tu yenye ubora wa wastani, megabiti 1 kwa sekunde, ni megabaiti 450 kwa saa. Bando linaliwa kwingine: modeli yenyewe, na masasisho. Miwani iliyolala kabatini mwezi mzima ikiwashwa inadai masasisho kwanza, na wajumbe wa Hanoi wamekwisha kaa. Washeni siku moja kabla, mpakue kila kitu, mzime.

Kinachovunja mkutano mara nyingi ni ucheleweshaji. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi sana watu huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza. Setilaiti zile za mbali, zilizo kimo cha kilomita 35,786, zinavuka kiwango hicho kwa umbali peke yake, hata iwe na kasi gani. Kwa hiyo tumieni faiba pale ilipofika, au mtandao wa simu wenye minara ya karibu. Programu ikiruhusu kuchagua seva, chagueni iliyo barani Afrika. Ruta iwe chumba kile kile, masafa ya gigahezi 5, isiwekwe nyuma ya ukuta wa tofali. Mpeni ruta betri yake ndogo ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika miwani itaendelea kwa betri yake ya saa mbili hivi wakati ruta imekufa. Na kila mwaliko uwe na mpango wa pili umeandikwa chini: namba ya kupiga simu ya kawaida na karatasi yenye mchoro ule ule. Mei 2024 inaweza kurudi.

Chumba nacho kina masharti. Kamera za miwani zinahitaji mwanga na vitu vya kushika macho. Ukuta mweupe mtupu unazipoteza, na ukaona meza inateleza polepole kwenda pembeni. Tundikeni khanga mbili tatu zenye maua makubwa na tatizo linakwisha. Kioo cha kujitazamia kifunikwe. Anayesimama apewe mita 2 kwa 2 zisizo na kitu, na tafadhali, atazame juu kabla ya kuvaa: mkono ulionyooshwa kuonyesha kenchi ya paa la ghala pepe unakutana na pangaboi la kweli. Wengi wakae. Kiti kizungukacho ni kizuri, chenye magurudumu si kizuri. Feni ya mezani ikivuma usoni inapunguza kizunguzungu na inampa mtu dalili ya mbele ni wapi.

Jua ni adui namba moja. Lenzi za miwani hukusanya mwanga kama kioo cha kukuzia, na jua la Mtwara likiingia humo kwa muda mfupi tu linaunguza doa kwenye skrini lisilotengenezeka. Isiachwe dirishani, kwenye dashibodi ya gari, wala barazani wakati wa chai. Ikitoka chumba cha kiyoyozi kuja nje yenye unyevunyevu, lenzi zitaota ukungu. Ngojeni utoke wenyewe. Lenzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu laini, bila spiriti. Sehemu inayogusa uso, kwa sababu ya jasho letu, iwe na kifuniko cha silikoni kinachofutwa kila mtu anapompokeza mwenzake.

Kuvaa kwenyewe kunastahili dakika tano za utulivu. Legeza mikanda yote. Weka uso kwanza, kisha vuta mkanda wa nyuma ukae chini ya kisogo. Huo ndio unaobeba. Mkanda wa juu unainua mzigo utoke mashavuni. Uzito ukibaki puani, mtu atavua baada ya dakika kumi na kusema teknolojia haifai. Mama aliyefunga kilemba chenye fundo kisogoni alisogeze fundo juu kabla, na mwenye nywele za kusuka azipitishe chini ya mkanda. Pini za hijabu zihamishwe upande ambao mkanda haukandamizi. Kisha rekebisha umbali wa lenzi: mboni za watu wazima zimeachana kwa wastani wa milimita 63, lakini wapo wa 55 na wapo wa 72. Zungusha mpaka herufi ndogo zikolee. Aliyekosewa hapa ataumwa kichwa na hatajua kwa nini.

Juu ya kizunguzungu tuseme wazi. Kinakuja pale macho yanapoona mwendo ambao sikio la ndani halikuuhisi. Kwa hiyo katika ghala pepe watu wasitelezeshwe kama waliopanda gari. Wahamie kwa kuruka, pointi hadi pointi, au watembee kwa miguu yao. Mara ya kwanza dakika 10, umekaa. Kikao kizima kisizidi dakika 40. Jasho jembamba, mate kujaa, tumbo kuchafuka: vua hapo hapo. Kujikaza "ili nizoee" kunaongeza. Na anayetoka humo akiwa mzito wa kichwa asiingie moja kwa moja kwenye usukani au bodaboda.

Adabu zetu pia zisiachwe nje ya mlango. Avata zote zina umri mmoja, kijana na mzee hawatofautiani, na mtu anaweza kumrukia babu yake kwa "mambo vipi". Andikeni jina na cheo juu ya kila avata, na mwenyekiti aanze kwa salamu za mzunguko, kila mmoja akitajwa na kujibu. Hapo hapo mnapima maikrofoni. Mtu akivua miwani kidogo, avata yake huganda au huinamisha kichwa kama aliyesinzia. Asiyejua atadhani amedharauliwa. Atangaze: natoka kidogo. Katibu asivae miwani. Huwezi kuandika muhtasari ukiwa humo. Akae kwenye kompyuta mpakato, aone kupitia skrini, aandike akidi na maazimio kama kawaida.

Kuna jambo la siri za watu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba mwendo wa kichwa na mikono peke yake, sekunde 100 tu, unatosha kumtambua mtu mmoja kati ya zaidi ya 50,000 kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 94. Namna unavyotikisa mkono ni kama alama ya kidole. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa hilo, ikiwa ni pamoja na taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi. Waulizeni wajumbe kabla ya kurekodi, na someni mkataba wa programu: nani anahifadhi mienendo hiyo, wapi, kwa muda gani.

Na kuna mikutano ambayo tunawaomba kabisa msiipeleke humo. Korosho haiuzwi kwa miwani. Unyevu hupimwa kwa kipimo, kiini hujulikana kwa kukata sampuli na kupima uzito wake dhidi ya gunia la kilo 80, na harufu ya ukungu haipiti kwenye waya. Kikao cha nidhamu, kikao cha kuombana radhi, kikao cha wakulima wanaodai malipo yao: watu hao wanataka kuuona uso wa kiongozi, na avata haina uso wa mtu anayeona haya.

Ndugu mwenyekiti, muda wa maneno umekwisha na kitu kiko mezani. Miwani minne imewekwa upande wa ukumbi usio na madirisha, na ndani yake mna ghala la mfano. Watakaoanza ni wasimamizi wa maghala, wahandisi wawafuate. Mwenye miwani ya macho aje nayo, kuna kipande cha kuipa nafasi ndani ya miwani hii. Mkiingia, piteni kati ya kikaushio na ukuta mkiwa mmetanua mikono kama mnabeba beseni, mtuambie nafasi inatosha au haitoshi. Pangaboi la upande ule limezimwa.